KISANDUKU CHA MWENDO WA MASHINE: TARAKIMU ZAKE ANAZIANDIKA NANI?



Katika viwanda vingi vya chai, sukari, sabuni na magunia, ukitazama ukutani karibu na mashine utaona kisanduku chenye kioo kidogo cha tarakimu na vitufe vichache. Mafundi wengine hukiita invata, wengine draivu. Katika makala hii tutakiita kidhibiti mwendo, kwa sababu ndiyo kazi yake: kuiambia mota izunguke kwa mwendo gani, ianze vipi, isimame vipi, na ifanye nini umeme ukikatika na kurudi.

Wengi wetu hukipita kila siku tukidhani ni swichi kubwa tu. Si swichi. Swichi inajua mambo mawili, kuwasha na kuzima. Kidhibiti mwendo kinapewa maagizo kwa tarakimu, pengine zaidi ya mia moja, na maagizo hayo yanagusa jasho lako na vidole vyako. Kitabu chake huja kwa Kiingereza, Kifaransa au Kichina, tena kwa maneno ya mafundi, na mara nyingi hufungiwa kabatini kwa meneja. Ndiyo sababu nimeonelea tukielezane hapa kwa Kiswahili. Mimi si mhandisi. Niliishia shule ya msingi, na haya nimeyapata kwa mafundi wa umeme walio wanachama wetu, waliokuwa na subira ya kunieleza mara mbili na mara tatu.

Tuanze na zamani. Zamani mwendo wa mashine ulibadilishwa mbele ya macho ya watu. Injini moja ilizungusha shafti ndefu chini ya paa, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ilishuka hadi kwa kila mashine. Hata baadaye, kila mashine ilipopata mota yake, mwendo uliamuliwa na ukubwa wa puli au na gia. Aliyetaka mashine iende mbio zaidi ilimbidi aisimamishe, afungue puli, afunge nyingine, akaze mkanda. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi na kila mtu aliiona. Nyapara hakuweza kuficha puli mfukoni. Leo mtu mmoja mwenye namba ya siri anabonyeza kitufe mara nne, mkanda unaongeza mwendo, na mashine haikusimama hata dakika moja. Hakuna aliyeona kitu ila migongo inayouma jioni.

Sasa tueleze mota yenyewe. Umeme wa laini katika nchi zetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwenye kibati cha mota utaona imeandikwa 50 Hz. Hiyo Hz husomwa hezi, na maana yake ni mara ngapi kwa sekunde. Ndani ya mota ya kawaida ya kiwandani, umeme wa nyaya tatu hufanya nguvu ya sumaku izunguke, na chuma cha katikati hufuata nyuma kidogo, kama mbwa anayemfuata mwenyewe. Mota yenye ncha nne za sumaku, sumaku yake huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na shafti hufuata kwa mara 1,440 hivi. Yenye ncha mbili ni 3,000, yenye ncha sita ni 1,000. Nikola Tesla alipata hataza zake za mota ya namna hii nchini Marekani mwaka 1888, na hadi leo ndiyo inayofanya kazi nyingi za viwandani duniani.

Ubaya wake kwa mwenye kiwanda ni kwamba mota hiyo inafuata laini. Laini ikisema 50, nayo ni 50. Ili ibadili mwendo lazima umeme wenyewe ubadilike. Hapo ndipo kidhibiti mwendo kinapoingia. Mwaka 1968 kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuvitengeneza kwa wingi, na tangu hapo vimekuwa vidogo na rahisi mwaka hadi mwaka, hata leo vinafungwa kwenye mashine ya kushonea magunia.

Ndani yake kuna mambo matatu. Kwanza kinapokea umeme wa laini unaokwenda na kurudi, kinaugeuza uende upande mmoja tu kama umeme wa betri. Pili kinauweka akiba katika makopo yanayoitwa kapasita. Laini ya volti 400 ikigeuzwa hivyo, makopo hayo yanashika volti 560 hivi. Kumbuka hesabu hiyo, tutairudia. Tatu, swichi sita za kielektroniki, zisizo na kitu kinachosogea, zinaukata umeme huo maelfu ya mara kila sekunde na kuutengeneza upya uwe umeme wa nyaya tatu wenye hezi unazotaka: 10, 25, 42, hata 60. Ukitaka mota iende nusu ya mwendo, kinatoa hezi 25 na volti 200 badala ya 400. Ukipita 50, hezi zinapanda lakini volti haziwezi kupanda, kwa hiyo mota inakwenda mbio huku nguvu yake ya kusukuma ikipungua.

Kuna mahali kifaa cha namna hiyohiyo kinatumika kwa mchezo, na mfano wake unafaa sana. Katika nchi za Ulaya, Marekani na Asia watu hurusha helikopta ndogo za mfano zinazoongozwa kwa redio. Zile za umeme zina betri, mota yenye nyaya tatu, na kidhibiti mwendo kidogo kinachoenea kiganjani. Mota yake si kama yetu, ina sumaku za kudumu, lakini ndani ya kidhibiti kuna swichi zilezile sita zinazofanya kazi ileile. Na kabla ya kuirusha, mwenyewe hukaa mezani akiipa maagizo. Kwa aina nyingine anasukuma kijiti cha redio juu, anaunga betri, mota inalia pi-pi-pi, naye anahesabu mlio kuchagua agizo. Kwa aina nyingine anatumia kadi ndogo yenye vitufe.

Je, anachagua nini? Anachagua mapanga yaanze kuzunguka polepole kwa sekunde kadhaa, maana yakianza kwa kishindo meno ya gia yatakatika. Anachagua kidhibiti kishike mwendo uleule hata mapanga yanapobeba hewa nzito. Anachagua betri ikikaribia kwisha nguvu ipungue kidogokidogo, isikatike ghafla, maana ikikatika ghafla chombo kitaanguka. Anazima breki, ili mota ikifa angani mapanga yaendelee kuzunguka na chombo kishuke salama. Na anapopanga na kujaribu hayo yote, mtu mwenye akili huvua mapanga kwanza, au hutenganisha gia ya mota na gia kubwa. Vyombo hivyo si vya watoto. Mwaka 2013 mjini New York kijana mmoja aliuawa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonifanya niutaje mchezo huu. Kwa kawaida, ukiunga betri ya helikopta hiyo huku kijiti cha mwendo hakiko chini kabisa, kidhibiti kinakataa. Kinalia, mota haizunguki. Kinasubiri mtu ashushe kijiti mpaka sifuri, kama kusema: nionyeshe kwanza kwamba unajua unachofanya. Hivyo ndivyo kichezeo kilivyolindwa. Sasa njoo kiwandani.

Katika kiwanda kimoja cha chai nilikoitwa kwa kazi ya chama, umeme wa laini ulikatika usiku. Mkanda unaopeleka majani kwenye mashine ya kukata ukasimama, giza likaingia. Mama mmoja wa zamu ya usiku, mzoefu wa miaka mingi, akaingiza mkono kuyatoa majani yaliyojikunja kwenye rola, kazi ambayo wote walikuwa wakiifanya kila umeme unapokatika. Alikuwa ameshautoa mkono pale jenereta ilipoingia. Mkanda ukaondoka wenyewe, hakuna aliyegusa kitufe, na rola ikaivuta shali aliyojifunga mabegani. Shali ilichanika, yeye akabaki. Tulipokwenda ofisini tuliambiwa kwamba mashine imekuja hivyo kutoka ilikotengenezwa. Fundi wa umeme alipokifungua kioo cha tarakimu mbele yetu, lilikuwa agizo moja tu: umeme ukirudi, anza mwenyewe. Tarakimu 1 ilimaanisha ndiyo, na 0 ilimaanisha hapana. Mtu fulani aliandika 1 ili kiwanda kisipoteze dakika mbili kila umeme unapokatika.

Hapo yafaa tueleze zaidi, kwa sababu agizo hilo halisimami peke yake. Kidhibiti kinaweza kuamriwa kwa swichi ya kugeuza, ile inayobaki pale ulipoiacha, au kwa kitufe cha kubonyeza kinachorudi ukikiachia. Ikiwa ni swichi ya kugeuza na hakuna aliyeirudisha, umeme ukirudi kisanduku kinaiona bado inasema "nenda", na kama hakikukatazwa, kitakwenda. Ikiwa ni kitufe cha kubonyeza kilichofungwa vizuri, umeme ukikatika amri inakufa, na mashine haitaondoka mpaka mtu aje abonyeze tena. Kwa hiyo mambo ya kuuliza ni mawili: tarakimu ya agizo hilo ni ngapi, na swichi yetu ni ya aina gani. Tena kuna agizo ndugu yake: kisanduku kikijizima kwa hitilafu, kwa mfano mota imezidiwa kwa sababu kitu kimekwama, kijiwashe chenyewe baada ya sekunde kadhaa? Kwa pampu ya maji iliyoko bondeni peke yake, sawa. Kwa mashine ambayo kitu kikikwama binadamu ndiye huenda kukikwamua kwa mikono, hapana kabisa.

Agizo la muda wa kuanza na kusimama halina maneno mengi. Linasema mota ichukue sekunde ngapi kutoka sifuri hadi mwendo kamili, na ngapi kushuka. Muda mrefu wa kuanza unahifadhi gia, mikanda na minyororo, tena unampa mtu nafasi ya kuruka pembeni. Muda wa kusimama una ujanja wake. Watu hudhani ukiandika sekunde 1 mashine nzito itasimama kwa sekunde 1. Mashine nzito inayosimamishwa haraka inarudisha nguvu ndani ya kisanduku, volti za kapasita zinapanda, na kisanduku kikiona zimezidi kinajizima. Kikijizima, mashine haina tena wa kuizuia. Inaendelea kuzunguka kwa uzito wake mpaka ichoke. Hivyo tarakimu ndogo iliyoandikwa kwa nia ya usalama inaleta kinyume chake, isipokuwa kumefungwa kifaa maalum cha kuteketeza nguvu hiyo. Na umeme wa laini ukikatika, kwa kawaida kusimama kwa tarakimu nako hakupo. Feni kubwa na rola huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa. Usikaribie kwa kuwa taa zimezimika.

Kitufe chekundu cha dharura nacho kisitegemee agizo lililoandikwa katika orodha ya tarakimu. Lazima kiwe na njia yake yenyewe ya waya, ama kinakata umeme wa mota kwa kontakta, ama kinaingia kwenye mlango maalum wa usalama ambao vidhibiti vingi vya sasa vinao, unaozinyima zile swichi sita uwezo wa kuendesha mota hata kama programu inasema nenda. Lakini hata hicho ni cha kusimamisha tu. Si cha kufanyia matengenezo. Kioo kikionyesha 0, mashine haijawa salama. Huenda inasubiri tu ishara kutoka chumba kingine. Anayeingiza mkono azime swichi kuu ya mashine, aifunge kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akae nao mfukoni. Na anayefungua kisanduku chenyewe, huyo lazima awe fundi wa umeme, akumbuke zile volti 560. Kapasita hubaki na umeme baada ya laini kukatwa. Ubavuni mwa kisanduku huandikwa dakika za kusubiri, mara nyingi 5, 10 au 15. Baada ya kusubiri, apime. Asiguse kwa kuamini saa peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa wengi: mwendo wenyewe. Kuna agizo la hezi za chini kabisa na agizo la hezi za juu kabisa. Kati ya hizo, msimamizi anaweza kupandisha na kushusha. Chukua mkanda wa kuchambulia ambao miaka yote ulikuwa hezi 42. Siku moja mtu anaandika 46. Ni hezi nne tu, macho hayaoni. Lakini nne juu ya 42 ni sawa na asilimia tisa na nusu. Kwa zamu ya saa 8, yaani dakika 480, umefanya kazi ya dakika 45 zaidi kwa mshahara uleule. Kwa siku 26 za mwezi ni saa 19 na nusu. Hizo ni zamu mbili na zaidi, na hakuna karatasi iliyotiwa sahihi na mtu yeyote.

Utajuaje, ikiwa kioo kimefunikwa? Huhitaji kufungua kisanduku. Mashine ikiwa imesimama na kufungwa kwa kufuli, pimeni urefu wa mkanda wote, kuzunguka juu na chini, na mpake alama moja ya rangi pembezoni. Asipake mtu yeyote mkanda unaokwenda. Kisha, mashine ikiwa kazini, mtu akae mbali na saa ya mkononi na ahesabu alama ipite mara kumi. Tuseme mkanda ni mita 20 na mizunguko kumi imechukua sekunde 500. Mita 200 kwa sekunde 500 ni mita 24 kwa dakika. Andikeni na tarehe. Mwezi ujao hesabuni tena. Mkikuta mizunguko kumi imechukua sekunde 456, basi hezi zenu zimetoka 42 kwenda 46, na hakuna meneja atakayewaambia kwamba mnaota. Mjumbe mmoja wa shamba la Uganda aliniambia kwamba barua yao ya kwanza ilikuwa na malalamiko kurasa tatu na haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na mistari minne ya hesabu hii, na waliitwa siku hiyohiyo.

Si kila kupandisha mwendo ni hila, tuseme kweli. Mashine ya kukata chai ina rola mbili zenye meno, moja polepole na nyingine mbio, kwa kawaida mara kumi ya mwenzake, na uwiano huo ukiharibika majani yanapondeka badala ya kukatwa. Hapo fundi hutafuta tarakimu kwa ajili ya ubora. Msimu wa majani mengi nao una haraka yake. Tunachosema ni kwamba mwendo ni sharti la kazi, kama saa na kama mshahara, na sharti la kazi huzungumzwa.

Kupandisha kupita hezi za kibati kuna hatari nyingine. Nguvu inayotaka kurusha kitu nje ya mzunguko haipandi sawa na mwendo. Ukitoka 50 kwenda 60 mwendo umeongezeka kwa asilimia 20, lakini nguvu ya kurarua imeongezeka kwa asilimia 44. Kwa feni yenye panga lenye ufa, au mashine ya kuchuja sukari inayozunguka kwa kasi, hilo si jambo la kuamuliwa na mtu aliye ofisini na kikombe cha chai. Kupunguza mno nako kuna shida: mota nyingi hupozwa na feni yake ndogo iliyofungwa nyuma ya shafti yake yenyewe, na ikizunguka polepole mno huku imebeba mzigo mzito, inaungua. Kisha wanatafuta nani alaumiwe, na aliye karibu ni mfanyakazi wa zamu. Ndiyo maana agizo la ampea za mota lazima lifanane na kibati. Kibati kikisema 14.5 na kisanduku kimeandikwa 20 ili "kisisumbue", ulinzi wa mota hiyo umeondolewa, na aliyeuondoa si wewe.

Kwa upande wa feni kuna hesabu ambayo wajumbe waibebe mezani siku ya mazungumzo. Feni za kunyaushia majani hula umeme mwingi usiku kucha. Umeme unaoliwa na feni hufuata mwendo mara tatu kwa kujizidisha: ikienda kwa asilimia 80 ya mwendo, inakula karibu nusu tu, maana 0.8 kwa 0.8 kwa 0.8 ni 0.512. Tajiri aliyefunga vidhibiti kwenye feni kumi na kuzishusha mwendo wakati majani yamekaribia kuwa tayari amepata akiba kubwa kila mwezi, bila kumwongezea mtu yeyote kazi. Hilo ni jema, na hatulipingi. Lakini anapokuja kusema kiwanda hakina kitu kwa sababu ya bei ya umeme, muulizeni bili ya mwaka kabla ya vidhibiti na bili ya baada yake.

Ugomvi wa mwendo wa mashine si wetu peke yetu wala si mpya. Mjini Flint, Marekani, wafanyakazi wa General Motors walikaa ndani ya viwanda kuanzia tarehe 30 Desemba 1936 hadi 11 Februari 1937, na kuongezwa kwa mwendo wa kazi kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Walitoka chama chao kimetambuliwa. Mwaka 1972 huko Lordstown, Ohio, kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda kipya ambamo magari kama 100 yalipita kila saa, yaani mtu alikuwa na sekunde 36 tu kwa kila gari. Wakagoma mwezi Machi kwa wiki tatu. Wale walikuwa na mstari uliobadilishwa na watu wanaoonekana. Sisi tuna kisanduku.

Kisanduku hicho, hata hivyo, kina kitu cha kutusaidia. Kinakumbuka. Vingi huhifadhi orodha ya hitilafu za mwisho na saa ambazo mota imefanya kazi, na vingine vinaonyesha ni maagizo yapi yamebadilishwa tangu kilipotoka kiwandani. Mtu akiumia na ofisi ikasema ni uzembe wake, jambo la kwanza la kudai ni kwamba hakuna mtu agusaye kisanduku hicho mpaka orodha hiyo isomwe na kunakiliwa mbele ya mjumbe. Mtu akishaifuta, imekwenda.

Na kuna sheria ya kushikia. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu usalama na afya kazini, na mwaka 2022 ulihesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejitoa mahali ambapo ana sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake. Kifungu cha 19 kinataka wafanyakazi au wawakilishi wao waweze kuulizia mambo yote ya usalama yanayohusu kazi yao, na mwajiri ashauriane nao. Agizo la "umeme ukirudi, anza mwenyewe" ni jambo la usalama. Hakuna atakayeweza kusema ni siri ya biashara.

Matawi ambayo yamekwisha kuanza yameomba mambo machache tu. Nakala ya tarakimu za kila kidhibiti ichapishwe na ibandikwe karibu na mashine, kwa lugha wanayoisoma watu wa zamu: hezi za chini na za juu, sekunde za kuanza na kusimama, na kama inajiwasha au haijiwashi. Namba ya siri iwe kwa mafundi waliotajwa kwa majina, wasizidi wawili kwa zamu. Na hakuna tarakimu ya mwendo wala ya kujiwasha inayobadilishwa mpaka iandikwe katika daftari: tarehe, mashine, tarakimu ya zamani, tarakimu mpya, sababu, sahihi ya fundi na sahihi ya mjumbe. Nakala moja inabaki kwa meneja. Ya pili inawekwa ofisini mwa tawi, katika jalada ambalo mjumbe wa zamu ya usiku naye ana ufunguo wake.